Sabuni Kumi na Mbili za Mwalimu Osea

Mwalimu Osea Mbonile alikaguliwa mara mbili na kuanguka mara mbili, na mara zote aliangushwa na zana zake mwenyewe.

Msije mkadhani alikuwa mwalimu mbaya. Alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa miaka ya sabini ambapo serikali iliamka asubuhi moja ikakuta watoto wote wa nchi wanatakiwa darasani na walimu hawapo. Ikawashika vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapa redio ya kusikilizia masomo, mkufunzi wa kupita na baiskeli, na boksi la chaki. Osea alikuwa na miaka kumi na saba. Ijumaa alikuwa anachuma kahawa ya kaka yake pale Ihanda; Jumatatu watu wazima wakawa wanamwita Mwalimu. Kiingereza alichokuwa nacho kingeenea kwenye kiganja, na bado angebaki na nafasi ya kushika kalamu.

Lakini yule mkufunzi wa baiskeli alimwachia jambo moja lililomwingia kama imani: usifundishe neno bila kitu chenyewe. Ukisema kikombe, kikombe kionekane. Walimu wengine walisikia, wakachora picha. Osea alisikia, akatii. Mara ya kwanza alipokaguliwa mada ilikuwa wanyama wa nyumbani, naye akaingia darasani na beberu. Beberu akala karatasi za mkaguzi, pamoja na ile ya alama, na mkaguzi kwa kukosa pa kuandikia akaenda zake. Mara ya pili mada ilikuwa hali ya hewa. Osea akapeleka kipindi uwanjani, na mvua ikaja kweli, kama zana mtiifu, ikamlowesha mkaguzi mpaka soksi.

Kijiji kikampa jina: Mwalimu Zana. Jina alipata, cheti hakupata.

Mwaka 1983, akiwa na miaka saba kazini, ilikuja barua kutoka wilayani. Mkaguzi, Ndugu Anyitike, atafika Alhamisi. Darasa la sita, somo la Kiingereza, mada ni ile ya ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu. Na chini, kwa herufi zilizopigwa kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka: endapo mwalimu hatathibitishwa safari hii, ataachia nafasi pamoja na nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na bati, lakini bati lile Osea alilipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Bila cheti angerudi kwa kaka yake, ambaye tangu kipindi cha mvua alikuwa ameshamnolea jembe, akaliegemeza mlangoni, kila mpita njia alione.

Jumapili jioni akafungua ukurasa wa arobaini na moja. Myself. Yourself. Himself. Herself. Itself. Ourselves. Yourselves. Themselves. Akahesabu mara mbili. Nane.

Kwa Kiswahili jambo hili ni jepesi mpaka mtu halioni. Unachomeka ji ndani ya kitenzi, kazi imekwisha: najiosha, unajiosha, tunajiosha, ng'ombe anajikuna. Ji ni moja tu, inazunguka kijiji kizima kama trekta la ushirika, tofauti ni kwamba yenyewe haiharibiki. Mwingereza akaona hapana, kila mtu awe na yake: mimi na yangu, wewe na yako, mwanamume na yake, mwanamke na yake, hata paka kapewa. Tena ni myself lakini si meself, halafu ni himself lakini si hisself. Kikao gani kilipitisha hayo, na akidi ilitimia au haikutimia, kitabu hakisemi.

Mke wake, Sekela, alikuwa anapuliza moto.

"Mama Yunisi," Osea akasema, "sikiliza hii. I wash myself. Maana yake najiosha. Kitendo kinatoka kwangu, kinazunguka, kinanirudia mimi mwenyewe."

"Unajiosha na nini?"

"Na maji."

"Hayo maji yamejileta yenyewe kutoka mtoni?"

Osea akaruka kwenye kigoda. "Itself! The water brought itself! Umeona, Mama Yunisi? Umenipa mfano wa namba tano!"

"Nimekupa ndoo mbili kila asubuhi kwa miaka sita," Sekela akasema. "Hizo nazo ziandike."

Kwenye ukurasa ule kulikuwa na picha: mtu ameinamia beseni, povu limemjaa mpaka masikioni, anacheka. Sasa Osea ana vitabu vinne kwa watoto hamsini na wawili. Picha isingeonekana. Na hata ingeonekana, mnajua imani yake. Mtu hawezi kufundisha kujiosha bila kitu cha kujioshea.

Hapo ndipo penye shida. Mwaka ule sabuni ilikuwa habari ya kusimuliwa. Duka la kijiji lilikuwa na rafu saba, na kwenye rafu saba kulikuwa na chumvi, viberiti viwili na muuzaji aliyelala. Watu walifulia majivu. Watoto wadogo wa darasa la kwanza walifikiri povu ni kitu kinachotokea kwenye pombe tu.

"Si uchore ubaoni?" Sekela akauliza.

"Chaki iko wapi?"

Sekela akarudi kwenye moto wake.

Jumanne baada ya vipindi Osea akapanda baiskeli kwenda Tunduma. Kila aliyeishi upande ule alijua kwamba kama kitu hakipo Tanzania, basi kipo Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, na kama kipo Nakonde, basi kipo chini ya kitanda cha Bi Mwanamvita. Huyu alikuwa mama wa Kitanga aliyefuata mume mwenye lori akabaki na biashara. Aliwasalimu Wazambia kwa Kibemba, akawasalimu maofisa kwa chai.

Ila Osea, aliyekuwa amezama kwenye zile nane zake, hakuwa amesikiliza redio vizuri. Msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umeanza. Nchi nzima watu walikuwa wanafukia vitenge, wanatupa betri mtoni, wanamwaga mafuta chooni. Mtu aliyekutwa na katoni ya sabuni alihesabiwa pamoja na aliyekutwa na bunduki, ila mwenye bunduki angeweza kusema ni mwindaji.

Alimkuta Bi Mwanamvita uani, kanga kaifunga kiunoni, anachimba shimo.

"Shikamoo, Bi Mwanamvita. Naomba uniuzie sabuni moja."

Mama akadondosha jembe. "Wewe Mwalimu! Neno hilo unalitamka kwa sauti kama unaita mwanao aje kula? Umetumwa na nani?"

"Nimetumwa na ukurasa wa arobaini na moja."

"Ndiyo kikosi gani hicho?"

Osea akaeleza. Akaeleza barua, cheti, beseni, na jinsi kitendo kinavyotoka kwa mtu na kumrudia mwenyewe. Bi Mwanamvita akamsikiliza ameshika kichwa.

"Hapo kwenye kumrudia mwenyewe nimekuelewa sana," akasema. "Mimi hapa kinanirudia tangu wiki iliyopita." Akaingia ndani, akatoka na kikapu kilichofunikwa majani ya maboga. "Kumi na mbili. Chukua zote."

"Nina hela ya moja."

"Nani kataja hela? Nikiuza, mlanguzi. Nikigawa, mjamaa. Chukua, baba, uniokoe. Na jina langu ulisahau hapo hapo mlangoni, umesikia?"

"Nimesikia, Bi Mwa..."

"Usahau!"

Njiani kulikuwa na kizuizi. Mgambo alikuwa Bashiri, kijana aliyefundishwa na Osea darasa la nne, na siku ile ya beberu alikuwa dawati la mbele.

"Shikamoo Mwalimu. Kikapuni kuna nini?"

"Marahaba. Zana."

Bashiri akarudi hatua mbili. "Inauma?"

"Hapana."

"Basi pita nayo haraka."

Sekela alifunua majani ya maboga, akanusa, na kwa nukta moja uso wake ukawa wa msichana wa kwaya. Halafu akayafunika upesi.

"Baba Yunisi, hii ni miaka jela. Hii siyo alama za mkaguzi, hii ni pingu."

"Nikikosa cheti Alhamisi, Ijumaa tunahamia kwa kaka."

"Kwa kaka kuna jembe. Gerezani kuna jembe na askari. Hazilali humu."

Basi zikalala shuleni, kwenye kabati la zana, kwa kufuli. Lakini sabuni ya kunukia haijui kufuli. Kufikia Alhamisi asubuhi harufu ilikuwa imetoka kabatini, ikapita ofisini, ikavuka uwanja, ikateremka mpaka kwenye mashamba ya kahawa. Darasa la sita lilikuwa na watoto hamsini na wawili kwenye daftari. Walihudhuria sitini na mmoja. Watoro wa tangu mwaka juzi walikuja na visingizio vyao. Kijana mmoja aliyekwisha kuota ndevu alikuja kusema hakuwahi kuachishwa shule rasmi. Kina mama walijipanga madirishani wakidai wamekuja kuangalia maendeleo ya elimu.

Ndugu Anyitike akafika na pikipiki, suti yake ya kaunda imetakata mbele na nyuma imejaa vumbi la barabara. Alikuwa mtu mkavu, mwenye kalamu tatu mfukoni, zote za kukosoa. Aliyempokea ni Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Jonasi, ambaye hajawahi kuacha mgeni mwenye pikipiki aingie kijijini peke yake. Wakakaa nyuma ya darasa. Mkaguzi akapanua pua. Mwenyekiti naye akapanua.

Osea akaandika zile nane ubaoni kwa kipande cha mkaa uliochanganywa na matumaini, maana ubao nao ulikuwa mweusi. Akazisoma, darasa likaitikia.

Mwenyekiti akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Kila mtu na selfu yake? Mbona naona kama ubinafsi? Ya pamoja haipo?"

"Ipo, Mwenyekiti. Ourselves."

"Hiyo ndiyo ingetangulia."

Osea akaipandisha juu ya orodha. Mkaguzi akaandika kitu. Halafu Osea akafungua kabati.

Darasa lote lilivuta pumzi kwa pamoja. Zilikuwa kumi na mbili, nyeupe, zimevikwa karatasi zenye picha ya waridi, na darasani mle walikuwemo watoto ambao hawakujua kama ni za kula au za kuabudu. Osea akaweka beseni la maji mezani, akamwita Fides, binti mdogo mwenye sauti kubwa.

Fides akalowesha mikono, akaisugua sabuni. Povu likapanda. Dirishani mama mmoja akasema, "Yesu wangu."

"I wash myself!" Fides akapiga kelele.

"She washes herself!" darasa likajibu, na niwaambie, hata wale tisa wa utoro walilitamka sawasawa. Kwa miaka saba Osea hakuwahi kusikia Kiingereza kinatoka vinywani mwa watu kwa hamu namna ile. Dawati baada ya dawati wakaja. We wash ourselves. They wash themselves. Mwenye ndevu alijiosha mara mbili, ya pili akasema ni marudio ya somo.

Mkaguzi akasimama. "Mwalimu. Yourself bado hujaitumia."

"Inahitaji mtu ninayemwambia, Ndugu Mkaguzi." Osea akanyoosha sabuni kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkwe kitu. "Wash yourself, sir."

Ndugu Anyitike aliitazama sabuni. Nyumbani kwake Vwawa alikuwa na mtoto wa miezi mitatu, na mke wake alifua nepi kwa majivu mpaka vidole vikapasuka. Akaweka kalamu chini. Akakunja mikono ya suti. Alianza na viganja, kama mtu anayeonyesha mfano. Akapanda viwiko. Akaja usoni. Alipofika shingoni alikuwa amefumba macho, na darasa zima lilikuwa limemkodolea macho, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mtu wa wilayani akiwa na furaha.

"He washes himself," Fides akanong'ona.

"Na mimi?" Mwenyekiti akauliza. "Kijiji hakina mwakilishi kwenye zoezi hili?" Hakungoja jibu. Alijiosha mpaka kitambini.

Sasa mtu mchafu huwa na shida nyingi, lakini Mwenyekiti alipokwisha kuwa safi akabaki na moja tu: cheo chake. Akajikausha kwa kofia, akajikohoza.

"Mwalimu Mbonile. Sabuni hii duka la kijiji haipo. Mimi ndiye ninayesimamia duka, najua kisichokuwepo. Imetoka wapi? Nani kakupa? Taja jina."

Dirishani kina mama wakapungua mmoja mmoja. Osea akatazama beseni. Jina alikuwa nalo, na kulitaja ilikuwa kazi ya sekunde mbili: yule mama wa Tunduma angeondoka na Land Rover, na mwalimu mwaminifu angebaki na bati lake. Akatazama mkaguzi. Mkaguzi alikuwa ameshika kalamu tena.

"Kipindi bado dakika nane," Ndugu Anyitike akasema. "Ni kipindi cha Kiingereza. Ajibu kwa Kiingereza."

Osea akasimama wima. Jasho likamtoka, la kwanza kunukia vizuri katika maisha yake.

"Nobody," akasema. "Nobody give me. I brought it... I brought it myself."

Mwenyekiti akageuka. "Kasema nini?"

"Kasema kaleta mwenyewe."

"Basi kakiri! Mgambo aitwe!"

Mkaguzi alikuwa anafungua kitabu. Akapita ukurasa wa arobaini na moja, akafika arobaini na nne. "Matumizi haya ni ya wiki ijayo," akasema polepole. "Hapo mtu hajitendi. Anasisitiza kwamba ni yeye, asitafutwe mwingine. Mwalimu, ulijua?"

"Sikujua, Ndugu Mkaguzi. Ndiyo lililokuja."

"Mkaguzi," Mwenyekiti akasema, "Kiingereza tutakiongelea baadaye. Huyu ni mhujumu."

"Sawa. Mwenyekiti, nusa mkono wako."

Mwenyekiti akanusa.

"Sasa nusa huo mwingine. Sasa inama unuse kifua. Tukimpeleka kituoni tunakwenda watatu, na tukiingia mlangoni askari ataanza na nani? Mimi nimefika viwiko na shingo. Wewe umetumia robo ya kipande."

"Mimi nilishiriki kama mwanafunzi!"

"Watakuuliza darasa la ngapi."

Watoto walikuwa wanaangalia kama mpira wa fainali. Mwenyekiti akawatazama wote sitini na mmoja, nguo zimechanika, peku, wanang'aa kama sahani za harusi, na kila mmoja ni shahidi.

"Basi," akasema, "nadhani nilikuwa sijaelewa vizuri. Hizi siyo sabuni."

"Siyo."

"Ni zana."

"Andika hivyo hivyo," mkaguzi akajiambia mwenyewe, akaandika.

Mchana ule kabati lilifungwa kwa kufuli likiwa na sabuni tisa. Ijumaa kufuli lilikuwa zima na kabati tupu. Osea hakupiga kelele; mtu anapigaje ripoti ya kuibiwa kitu ambacho hakipo? Jumapili kanisani kwaya yote ilinukia waridi, wazee wa kanisa walinukia waridi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemkagua mwenzake kwa macho. Mtoto wa miezi mitatu kule Vwawa alivaaje, hilo halikuandikwa popote. Mimi nasema tu kwamba ufunguo wa pili wa kabati, kwa utaratibu, hukaa na mkaguzi mpaka aondoke.

Ripoti ilikuwa na vipengele vinne. Mahudhurio: asilimia mia moja na kumi na saba. Usafi wa wanafunzi: haujapata kuonekana wilayani. Zana: halisi. Umahiri wa mwalimu katika lugha: anajieleza anapotakiwa.

Cheti kilichukua miezi mitano. Kilikuja na muhuri wa rangi ya zambarau, jina lake kamili, na daraja la mwisho kabisa katika madaraja ya ualimu, lakini daraja. Osea alikipeleka kwa kaka yake kwanza, akakisoma kwa sauti mlangoni. Kaka akasikiliza mpaka mwisho, akachukua lile jembe akaenda nalo shambani mwenyewe. Halafu akakipeleka kwa Sekela. Sekela akakigeuza kuona kama nyuma nako kumeandikwa kitu.

"Kwa hiyo hatuhami?"

"Hatuhami."

"Haya. Ndoo hiyo hapo. Mwalimu mwenye cheti ajiletee maji mwenyewe."

Akaenda. Watu wa Ihanda walimwona, na wengine walitoka nje kuhakikisha.

Jumatatu darasa la sita lilimpokea limesimama. Fides akauliza kama leo wanajiosha. Osea akafungua kabati tupu, akawaonyesha, akalifunga. Akawaambia wanyooshe mikono. Wakanyoosha. Wakaisugua, bila maji, bila sabuni, bila povu, hamsini na wawili waliobaki baada ya watoro kurudi utoroni, wakiimba moja baada ya nyingine zote nane bila kukosea. Na Mwalimu Osea, cheti kimekunjwa mfuko wa shati, akapita katikati ya madawati akiwainamisha vichwa, kuona nani hajafika nyuma ya masikio.